Jeraha la Pili: Maumivu ya Wanamichezo Wetu na Tiba Yake

Mhadhara kwa wachezaji, makocha na wazazi wa Nungwi, Unguja



Nashukuru kualikwa Nungwi, kwa sababu hapa mchezo ni wa kila mtu. Alasiri maji yakipwa, mchanga mgumu unaoachwa na bahari unakuwa kiwanja. Wanacheza watoto waliotoka chuoni, wavuvi waliokwisha kuuza samaki wao, wafanyakazi wa hoteli waliomaliza zamu. Wasichana wana netiboli yao, nage yao, na siku hizi mpira wao wa miguu. Alfajiri barabarani hupita vikundi vya mazoezi vya watu wazima, na kila Januari 1 Zanzibar nzima hutoka kuadhimisha siku ya mazoezi ya viungo. Palipo na mchezo mwingi kiasi hiki, maumivu hayakosekani.

Nimekuja na jambo moja la kusema. Katika kazi yangu ya mazoezi tiba, mchezaji anayenisikitisha zaidi ni yule aliyeumia mara ya pili palepale alipoumia mwanzo. Jeraha la kwanza mara nyingi ni ajali ya mchezo. La pili, mara nyingi, tunalisababisha sisi wenyewe: tunachua kilichochanika, tunachoma sindano ya kuua maumivu asubuhi ya fainali, tunamwambia kijana anayechechemea ajikaze. Basi kwa kuwa linatokana na maamuzi yetu, kulizuia kumo ndani ya uwezo wetu, hapahapa kijijini.

USHUJAA UNA WAKATI WAKE

Kila anayependa riadha nchini anamjua John Stephen Akhwari, mwanariadha wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, misuli ilimkaza, kisha akaanguka wakimbiaji walipokuwa wakisukumana. Goti likaumia vibaya, bega likagonga lami. Alifungwa bendeji, akaendelea. Alipoingia uwanjani giza lilikuwa limeshaingia, na Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla. Akhwari alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Dunia inamheshimu mpaka leo, na anastahiki.

Lakini kisa hiki hutumiwa vibaya. Kijana ameteguka mguu katika mechi ya bonanza, na anayemsukuma arudi uwanjani anamtajia Akhwari. Tutazame mambo mawili. Kwanza, Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne, na taifa zima lilikuwa limempeleka mtu mmoja mbio zile. Mechi yetu ya Ijumaa ina mwenzake Ijumaa ijayo. Pili, Akhwari hakuishia Mexico. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Goti lililoumia vile halikimbii namna hiyo bila ya kupewa nafasi ya kupona. Nusu hii ya kisa ndiyo ningependa wachezaji wetu waikumbuke.

Jirani yetu David Rudisha wa Kenya anatupa funzo hilohilo. Agosti 9, 2012, jijini London, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Mwaka uliofuata goti lilimuuma, na bingwa huyo akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Alikuwa na kila sababu ya kulazimisha. Alikaa nje, akajenga mwili upya, kisha akatwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 na dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka 2016. Subira hiyo ni sehemu ya mazoezi yake kama zilivyo mbio zenyewe.

MCHANGA UNAVYOTUFAA NA UNAVYOTUUMIZA

Kabla ya kutaja jeraha mojamoja, tuzungumzie uwanja wetu. Kukimbia juu ya mchanga laini hutumia nguvu takriban mara 1.6 ya nguvu inayotumika kwenye ardhi ngumu, kwa sababu kila hatua mchanga unakimbia chini ya mguu. Faida yake ni kwamba anayeanguka haumii sana, na magoti hayapati mshindo mkubwa. Hasara yake ni kwamba misuli ya nyuma ya muundi na kano kubwa iliyo juu ya kisigino hufanya kazi ya ziada. Kisigino kinazama, mguu unapinda katika vishimo, na vidole vya mchezaji wa pekupeku hugongana na vya mwenzake au na jiwe lililofukiwa. Pwani nayo ina mwinamo. Anayekimbia kila siku upande mmoja, mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini, asishangae nyonga au goti moja likianza kulalamika.

Hatari zaidi ni kubadili uwanja ghafla. Timu inayofanya mazoezi mchangani mwezi mzima, kisha ikaenda kucheza na njumu kwenye kiwanja kikavu cha udongo, inapeleka miili isiyoandaliwa. Kwa hiyo mabadiliko yaje kidogokidogo: wiki mbili kabla ya mashindano, angalau mara mbili kwa wiki, mazoezi yafanyike kwenye kiwanja cha aina ileile. Na kikundi cha mazoezi kinachoanza mbio za mchangani kianze kwa dakika chache tu, kwenye mchanga mgumu ulio karibu na maji, kwenda na kurudi ili mwinamo usiangukie mguu mmoja.

Majeraha ya michezo yapo ya namna mbili. Yapo ya ghafla, ambayo mchezaji anaweza kukuonesha dakika na mahali yalipotokea. Na yapo ya kujilimbikiza, yanayoanza kwa maumivu madogo asubuhi, yanapotea mwili ukipata joto, kisha siku moja hayapotei tena. Maumivu ya kisigino ya akina mama na akina baba wa vikundi vya mazoezi mara nyingi ni ya namna hii ya pili. Tiba yake haiwi kulala kitandani mwezi mzima, maana kano isiyopewa kazi inazidi kudhoofika. Punguzeni mbio, kisha muijenge kano kwa kupanda juu ya vidole na kushuka polepole, siku baada ya siku, kwa muda wa wiki 12 au zaidi.

KIFUNDO CHA MGUU

Nitakaa zaidi hapa, maana kifundo cha mguu, au enka kama wachezaji wanavyopenda kukiita, ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mara nyingi zaidi katika mpira, netiboli na nage. Mguu unapinda kwa ndani, na kano za upande wa nje zinavutika. Kano ni kama kamba ya nanga: kuna siku zinakatika nyuzi chache tu, kuna siku inabaki nusu ya nyuzi, na kuna siku kamba nzima inakatika. Hali ya kwanza inahitaji wiki moja hadi mbili kabla ya kurudi mchezoni, ya pili wiki tatu hadi sita, ya tatu wiki sita hadi kumi na mbili.

Swali la kwanza linaloulizwa ni: umevunjika au umeteguka? Madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha mwaka 1992 kanuni rahisi inayotumika sasa dunia nzima, na kila kocha anaweza kuihifadhi. Mchezaji apelekwe kupigwa picha ya eksirei ikiwa anaumia karibu na kifundo na mojawapo ya haya lipo: hawezi kupiga hatua nne kwa mguu ule, si pale alipoumia wala sasa; au ukibonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma au ncha ya mfupa wa kifundo, upande wa ndani au wa nje, anaruka kwa maumivu. Vilevile kama maumivu yapo katikati ya unyayo, bonyeza mfupa uliochomoza ukingoni mwa nje wa unyayo, na ule ulio juu ya upinde wa ndani. Mfupa ukiuma, safari ya hospitali ya Kivunge ifanyike siku hiyohiyo. Asipokuwa na dalili hata moja kati ya hizi, uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana, na kazi inaanzia nyumbani. Kanuni hii iliandaliwa kwa watu wazima. Kuhusu watoto nitasema baadaye.

Siku tatu za mwanzo: mguu upumzishwe lakini usifungiwe. Funga bendeji ya mpira kuanzia kwenye vidole kupanda juu, imkaze bila kumbana, na inua mguu juu ya mto anapolala. Barafu tunayo hapa, maana wauza samaki hawakosi. Ifunge katika kitambaa, weka dakika 10 hadi 15, na kamwe isiguse ngozi moja kwa moja. Lakini fahamuni kwamba barafu inatuliza maumivu tu. Daktari wa Marekani Gabe Mirkin, ambaye mwaka 1978 aliueneza ushauri wa mapumziko na barafu, baadaye mwenyewe alibadili mawazo, kwa sababu uvimbe wa siku za mwanzo ni mwanzo wa mwili kujitibu. Barafu kidogo kwa ajili ya maumivu, basi.

Sasa nije kwenye kuchua, na nalisema hili kwa heshima. Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina chupa ya mafuta ya makonyo au dawa nyingine ya kuchua, na zina mkono wa mtu mzima anayejua kuutumia. Mkono huo una kazi yake. Misuli iliyochoka, mgongo uliokaza, paja lililopona ambalo bado limekuwa gumu, vyote hivyo hufaidika. Lakini kifundo kilichoteguka leo kina nyuzi zilizochanika na mishipa midogo inayovuja damu. Ukikichua kwa nguvu, ukikikanda kwa maji ya moto, au ukikivuta kwa kudhani kuna mshipa uliohama mahali pake, unaongeza kuvuja na unachana kilichobaki. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo tuache kuchua, tuache maji ya moto, na dawa ya maumivu iwe ya kawaida kama parasetamoli. Baada ya hapo mkono wa mzee unakaribishwa, taratibu, kwenye misuli ya muundi inayolinda kiungo.

Tiba yenyewe ni mazoezi. Siku ya pili au ya tatu, akiwa amekaa, aandike hewani kwa kidole gumba cha mguu herufi zote, kuanzia alifu hadi ye, mara kadhaa kwa siku. Akiweza kukanyaga, atembee, hata kama ni kwa fimbo siku za mwanzo. Wiki inayofuata asimame kwa mguu mmoja sekunde 30, akiwa karibu na ukuta. Akizoea afumbe macho. Akizoea tena, asimame juu ya mchanga laini huku mwenzake akimrushia mpira. Watu wengi hulidharau zoezi hili kwa sababu halitoi jasho. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wanamichezo zaidi ya 500 walioteguka kifundo. Walioongezewa mazoezi ya mizani nyumbani kwa wiki 8, waliumia tena 22 katika kila 100. Waliobaki na matibabu ya kawaida tu, waliumia tena 33 katika kila 100. Tofauti hiyo imepatikana bila dawa na bila gharama.

Kano iliyounga bila mazoezi huacha kifundo kinachopinda hata mtu akitembea barabarani. Mnawajua wachezaji hao. Kila mmoja wao alikuwa na jeraha la kwanza lililoitwa dogo.

NYAMA ZA PAJA NA PAJA LILILOGONGWA

Winga anakimbia kwa kasi yote, ghafla anashika nyuma ya paja na kusimama. Nyama za paja zimechanika. Hapa pia jeraha la pili hutokea mara nyingi. Baada ya siku kumi anaweza kutembea bila maumivu na hata kukimbia polepole, akajiona mzima. Lakini msuli haujapimwa kwa kasi iliyouchana. Anarudi, anakimbilia mpira mmoja wa mbele, unachanika tena, na safari hii mpasuko unakuwa mkubwa zaidi.

Zoezi la kuukinga msuli huu halihitaji kifaa. Mchezaji anapiga magoti kwenye mchanga, mwenzake anashika vifundo vyake kwa nguvu, naye anajishusha mbele polepole akiwa amenyoosha mwili kuanzia magotini hadi kichwani, mpaka asiweze kujizuia tena, kisha anajipokea kwa mikono. Waanze kwa mara tano, na waongeze wiki kwa wiki. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zinaonesha kwamba timu zinazolifanya zoezi hili hupunguza majeraha ya nyama za paja kwa karibu nusu. Aliyeumia tayari alianze baada ya maumivu makali kwisha, kwa usimamizi.

Paja la mbele lina tatizo lake. Goti la mpinzani linakupiga, paja linakufa ganzi, linavimba. Hili msilichue kabisa siku za mwanzo. Damu iliyojikusanya ndani ya nyama ikichuliwa kwa nguvu, mwili unaweza kujenga mfupa ndani ya msuli, na mchezaji akakaa nje miezi badala ya wiki. Likunjeni goti kadiri linavyokubali bila maumivu makali, lifungeni bendeji likiwa limekunjwa, mweke barafu, na siku ifuatayo aanze kulikunja na kulikunjua mwenyewe taratibu.

GOTI

Mchezaji anageuka, mguu umekita chini, hakuna aliyemgusa, na anasikia mlio ndani ya goti. Ndani ya saa mbili goti limejaa. Hali hiyo peke yake inatosha kushuku kwamba kano ya mbele iliyo katikati ya goti imekatika, kwa sababu uvimbe wa haraka namna hiyo kwa kawaida ni damu. Asirudishwe kiwanjani hata akijisikia nafuu. Aende hospitali, na ikibidi apelekwe Hospitali ya Mnazi Mmoja au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996.

Wasichana wanaocheza mpira na netiboli wanakabiliwa na jeraha hili mara mbili au zaidi ya wavulana. Wazazi wasilichukue hilo kuwa sababu ya kuwazuia binti zao. Walichukue kuwa sababu ya kudai kwamba timu zao zipate mazoezi bora: kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa na yakielekea mbele, yasigongane kwa ndani.

Si kila aliyekatika kano hiyo anahitaji upasuaji, lakini kila mmoja anahitaji miezi ya kuimarisha paja. Kwa aliyepasuliwa, utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, hadi kufikia miezi tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Miezi tisa ni mingi kwa kijana wa miaka 19. Najua. Ila anayerudi mwezi wa tano anaweka rehani goti la miaka 40 ijayo, goti litakalopanda ngazi na kurukuu msikitini.

WATOTO, NA MIFUPA ILIYOVUNJIKA

Mtoto si mtu mzima mdogo. Mifupa yake ina sehemu za kukulia karibu na viungo, na sehemu hizo ni dhaifu kuliko kano zake. Kwa hiyo pigo ambalo kwa mtu mzima lingetegua kiungo, kwa mtoto linaweza kuvunja mahali mfupa unapokulia. Mtoto asiyekanyaga mguu kwa siku nzima apelekwe kupigwa picha. Na mtoto wa miaka 10 hadi 15 anayelalamika chini ya goti au kisigino wakati anarefuka kwa kasi, haigizi. Apunguziwe mechi kwa wiki kadhaa, na mara nyingi hupona mwili ukikamilisha kukua.

Wapo miongoni mwetu wanaounga mifupa kwa njia za asili, na familia nyingi huwaendea kwanza. Nawaombeni mambo mawili tu. Kiungo kilichochomoka, kama bega, kisivutwe kiwanjani na mtu asiyefunzwa, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu inaweza kunaswa au kukatika. Na mguu au mkono ukifungwa kwa vijiti, vidole viachwe wazi vionekane. Vikiwa baridi, vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, fungeni safari ya hospitali baada ya kulegeza vijiti palepale. Saa chache za kubanwa zinatosha kuua nyama, na watu wamepoteza viungo kwa sababu hiyo.

YASIYOSUBIRI

Mambo matatu hayasubiri mechi imalizike.

La kwanza ni kichwa. Wachezaji wakigongana vichwa, na mmoja akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, au akayumba, au akauliza matokeo yaliyo mbele ya macho yake, basi ametoka na harudi siku hiyo. Tangu mwaka 2021 mashindano mengi duniani yanaruhusu mabadiliko ya ziada kwa mchezaji wa namna hiyo, ili kocha asijione amepoteza nafasi. Mechi zetu za kirafiki zinaweza kukubaliana hivyohivyo. Asikae peke yake usiku ule. Akitapika, akizidi kuumwa kichwa au ikawa vigumu kumwamsha, hospitali.

La pili ni joto. Miezi ya kaskazi ni mikali, na mchezaji aliyefunga akicheza alasiri hana maji ya kumtosha. Mwezi wa Ramadhani, timu zinazocheza usiku baada ya tarawehe zinafanya busara. Kukaza kwa misuli kunatibika kwa kivuli, kunyoosha msuli na kunywa maji. Lakini mchezaji anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka, ngozi yake ikichoma, yumo katika hatari ya kufa. Mpozeni kwanza, msafirisheni baadaye. Mvueni jezi, mmwagieni maji mengi mwilini mwote, mpepeeni, au mlazeni kwenye maji ya kina kifupi pwani, watu wawili wakishika kichwa chake kiwe juu. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua.

La tatu ni moyo. Mchezaji akianguka bila ya kuguswa na mtu na hajibu wala hapumui sawasawa, msimmwagie maji wala msimkalishe. Mmoja apige simu na kutafuta gari, mwingine aanze kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka hivyo uwanjani London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga inavyopaswa. Yu hai leo kwa sababu mikono ilikuwa juu ya kifua chake tangu pale nyasini, na mashine ya kuushtua moyo ilikuwa karibu. Mikono tunayo. Hoteli zilizopo ufukweni mwetu ziombwe ziseme ni ipi iliyo na mashine hiyo, na kila nahodha ajue ilipo.

DAKIKA ISHIRINI

Mara nyingi timu zetu hupasha mwili moto kwa kupiga mashuti golini. Hilo haliandai mwili. Mwaka 2006 FIFA na wataalamu wake walitoa mpango uitwao 11+, wenye mazoezi 15: dakika 8 za mbio nyepesi za kugeuka na kukwepana, dakika 10 za kuimarisha kiuno, mapaja na mizani, na dakika 2 za mbio za kasi. Hauhitaji zaidi ya mpira na alama za kuwekea mstari.

Wapo wanaosema mambo hayo ni ya Ulaya. Yamepimwa Lagos, Nigeria, kwa vijana 416 wa timu 20, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Timu zilizoutumia mpango huo zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41.  Masharti ni kuufanya angalau mara mbili kwa wiki, na kuufanya msimu mzima. Mpango huu hauna faida kwa timu inayoukumbuka siku ya fainali tu.

NANI ANASEMA AMEPONA?

Swali la mwisho ndilo zito. Leo anayeamua kwamba mchezaji amepona ni kocha anayemhitaji, au mchezaji mwenyewe anayeogopa kupoteza namba. Wote wawili wana haja, na mwenye haja si hakimu mzuri. Napendekeza kila timu iwe na mtu mmoja, asiye kocha, ambaye neno lake ndilo la mwisho. Anaweza kuwa mwalimu wa skuli, muuguzi, au mchezaji aliyekwisha kutundika daluga. Afuate vipimo vinne. Kiungo hakina uvimbe na kinakunjuka chote. Kuruka mbele kwa mguu ulioumia kunafikia angalau asilimia 90 ya urefu wa mguu mzima. Amekimbia kwa kasi yote, akasimama ghafla na kugeuka pande zote bila kujilinda. Amemaliza wiki nzima ya mazoezi pamoja na timu, na asubuhi ya baada yake hakuamka na maumivu mapya. Akipita vyote vinne, aingie kipindi cha pili kwanza, kisha mechi nzima wiki inayofuata. Sindano ya kuzuia maumivu isiwe kipimo cha tano. Maumivu hayo yanabeba habari, na anayeyanyamazisha anacheza bila habari.

Nawaombeni basi, kabla hatujaondoka hapa, makocha wa kila timu waandike jina la mtu huyo na walikabidhi kwa Bwana Sheha wa hapa. Wanunue bendeji mbili za mpira na daftari moja la kuandika kila aliyeumia, tarehe na kiungo. Wiki ijayo waanze dakika ishirini za 11+, na msimu ukimalizika tukutane tena, tulifungue daftari, tuhesabu ni wangapi walioumia mara ya pili. Agosti 2025 Uwanja wa Amaan ulipokea mechi za michuano ya CHAN, na mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika limepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Vijana wa Nungwi wana haki ya kuota kuvaa jezi ya taifa, na wajibu wetu sisi wakubwa ni kuhakikisha magoti yao yanawafikisha huko.